Kabla ya sindano kugusa tezi dume: mwongozo kwa familia ya mgonjwa mwenye ugonjwa wa damu

Mwongozo huu nimewaandikia wale ambao mzee wao anashukiwa kuwa na saratani ya tezi dume, au tayari amethibitishwa kuwa nayo, na papo hapo ana ugonjwa wa damu. Nimemsindikiza mjomba wangu, kaka yake mama, katika safari ya namna hiyo kati ya Kisumu na Eldoret kwa muda mrefu. Yeye ana himofilia A hafifu: damu yake huganda, lakini kwa kuchelewa, na ilimchukua karibu maisha yake yote kujua kwamba tatizo hilo lina jina. Kliniki ya mkojo huangalia tezi, kliniki ya damu huangalia damu, na anayetembea katikati akiwa na karatasi mkononi ni mgonjwa na jamaa zake. Kwa hiyo nguzo ya mwongozo huu ni moja: kila kitendo kitakachotoboa au kukata mwili kipangwe na madaktari wa pande zote mbili kabla ya siku yenyewe. Haya hayachukui nafasi ya daktari; yatakusaidia kujua umwulize nini, na umwulize lini.

Hatua ya 1: Andika historia ya damu nyumbani, kabla ya kliniki

Nunua daftari gumu. La mjomba lina jalada la buluu, na ukurasa wa kwanza nimeuandika kwa kalamu nyekundu: HIMOFILIA A. FAKTA YA 8 NI ASILIMIA 10. ASIDUNGWE SINDANO YA MSULI. ASIPEWE ASPIRINI WALA DIKLOFENAKI. Fakta ni protini inayosaidia damu kuganda. Chini ya maneno hayo pana kundi lake la damu, dawa anazokunywa, na namba ya simu ya kliniki ya damu.

Ukurasa huo ulitokana na jambo lililotushtua. Katika hospitali moja niliikuta fomu ya biopsi, yaani kuchukua vipande vya tezi kwa sindano, imekwisha kujazwa, na pale palipouliza magonjwa mengine pamepigwa mstari tu. Mjomba alikuwa ameulizwa kama ana sukari au presha, akajibu kwamba hana, na alisema kweli. Hakuna aliyemwuliza kama damu yake huganda. Nilipomwonyesha muuguzi barua ya kliniki ya damu, biopsi iliahirishwa papo hapo, na mjomba akasema kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, mimi nilidhani wanajua."

Katika kuandika historia hiyo, usiulize tu kama mzee ana ugonjwa wa damu, kwa sababu himofilia hafifu inaweza kukaa miaka sitini bila kutajwa. Uliza matukio. Alipotahiriwa, damu ilitoka kwa siku ngapi? Alipong'olewa jino, alirudi kwa daktari usiku? Wapo bado wazee wachache wa Kiluo waliong'olewa meno sita ya chini kwa desturi ya zamani, nao huikumbuka siku hiyo vizuri sana ikiwa damu iligoma kukatika. Je, goti au kiwiko kimewahi kuvimba na kuuma bila kuangukiwa na kitu? Uliza hasa upande wa mama, kwa kuwa himofilia A na B hupitishwa na akina mama waliobeba chembeuzi yake: mjomba anaweza kuwa nayo, na mtoto wa kiume wa dada yake pia, huku baba wa mtoto huyo akiwa mzima kabisa. Historia ya saratani ya tezi dume iulizwe pande zote mbili, kwani mwanamume ambaye baba au ndugu yake aliugua ana hatari takriban maradufu, na familia zenye saratani nyingi za matiti nazo zitajwe.

Hatua ya 2: Soma kipimo cha PSA kwa utulivu

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi chake katika damu hupimwa kwa nanogramu kwa kila mililita. Maabara nyingi huchukua 4 kuwa mpaka, lakini namba hiyo si hukumu. Hupanda kwa sababu ya saratani, na hupanda pia kwa sababu ya tezi iliyotanuka bila saratani, maambukizi ya njia ya mkojo, mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, au tendo la ndoa katika siku mbili zilizotangulia. Anayetumia finasteraidi, dawa ya tezi iliyotanuka, kwa nusu mwaka au zaidi, PSA yake huonekana takriban nusu ya ile halisi, na daktari asipoambiwa atadanganyika. Ikiwa palikuwa na maambukizi, yatibiwe, kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane. Kwa mtu mwenye shida ya kuganda, kurudia huko kuna thamani kubwa, maana kunaweza kumwepusha na biopsi isiyo ya lazima.

Himofilia na selimundu, yaani ugonjwa wa chembe nyekundu za damu zenye umbo la mundu, hazibadilishi maana ya PSA. Hazizuii pia uchunguzi wa kidole kupitia njia ya haja kubwa, ambao wazee wengi huukimbia. Wala sindano ya kuchukulia damu mkononi isiogopwe: bonyeza mahali hapo kwa dakika tano au kumi bila kuchungulia, basi.

Kuna kosa moja ninaloomba lisifanywe. Mwenye himofilia akikojoa damu, jamaa husema, "Ni ule ugonjwa wake," na mambo yakaishia hapo. Mkojo wenye damu unatakiwa kuchunguzwa hadi chanzo kijulikane, iwe figo, kibofu, kichocho au tezi, kwa sababu wakati mwingine damu inayotoka kwa urahisi ndiyo inayofichua saratani mapema.

Hatua ya 3: Ijue damu yenyewe kwa namba

Kabla ya biopsi omba hesabu kamili ya damu, vipimo viwili vya muda wa kuganda vinavyojulikana kama PT na aPTT, pamoja na kazi ya figo na ini. Katika himofilia, aPTT hurefuka huku PT na chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zikiwa sawa. Lakini katika himofilia hafifu hata aPTT inaweza kutoka ya kawaida, kwa hiyo historia ikiashiria shida, dai kipimo cha fakta yenyewe, ya 8 na ya 9. Chini ya asilimia 1 ni himofilia kali, kati ya 1 na 5 ni ya wastani, na zaidi ya 5 hadi 40 ni hafifu. Ugonjwa wa von Willebrand, shida nyingine ya kurithi ya damu kuganda, una vipimo vyake, nao huwapata wanaume na wanawake.

Mzee aliyewahi kuongezewa damu au plazima zamani apimwe pia homa ya ini ya B na C, pamoja na virusi vya ukimwi. Si suala la kumshuku. Baadhi ya dawa za saratani na prednisoloni huweza kuamsha homa ya ini ya B iliyolala, na nyingine hugongana na dawa za virusi.

Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga iliyoko Kisumu, ile wakazi wanayoiita Russia, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa upande wa mkojo. Sisi kwa himofilia tulipelekwa kwa rufaa hospitali ya Moi, Eldoret, ambayo pia ina kituo cha saratani, na kwangu huo ndio mpango bora: mahali ambapo daktari wa damu na wa saratani wanaweza kukutana katika korido moja. Hakikisha mzee amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, na uliza kuhusu idhini ya matibabu ya saratani mapema, kwa sababu idhini iliyochelewa huvuruga tarehe ya fakta.

Hatua ya 4: Tanguliza picha

Kama uwezo upo, MRI, yaani picha ya sumaku, ya tezi dume ifanywe kabla ya biopsi. Msomaji wa picha huipa sehemu yenye shaka alama ya 1 hadi 5. 1 na 2 humaanisha uwezekano mdogo wa saratani kubwa, na hapo madaktari wanaweza kukubaliana kufuatilia kwa PSA badala ya kutoboa. Alama ya 4 au 5 huonyesha mahali pa kulenga, hivyo vipande vinaweza kuwa vichache. Mwenye chuma mwilini au kifaa cha moyo aseme kabla ya kuingia.

Pia ipo hali ambapo PSA imepita 100 na picha za mifupa zinaonyesha wazi kwamba saratani imesambaa. Kwa mgonjwa ambaye kutoboa ni hatari kubwa, madaktari wanaweza kuamua kuanza tiba ya homoni, ile ya kuzima homoni ya kiume, bila biopsi. Ni swali halali kuulizwa.

Hatua ya 5: Siku ya biopsi

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Biopsi ni kuchukua vipande vyembamba vya nyama ya tezi kwa sindano, mara nyingi kumi na viwili. Sindano hupitishwa katika ukuta wa njia ya haja kubwa au katika ngozi iliyo kati ya korodani na njia hiyo. Njia ya ngozi huleta maambukizi machache, na mahali palipotobolewa panaweza kubonyezwa kwa mkono, jambo ambalo ndani ya utumbo ni gumu. Kama pana chaguo, mimi ningeipendelea. Mwambie daktari pia kama mzee ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao si wa nadra huku kwetu, ili antibiotiki ichaguliwe kwa uangalifu.

Kwa himofilia, kiwango cha fakta kwa kawaida hupandishwa hadi asilimia 50 hadi 80 kabla ya kutoboa. Hesabu ni ya daktari wa damu, lakini ijue ili uhakikishe chupa zinatosha kabla hamjatoka nyumbani. Uniti moja ya fakta ya 8 kwa kila kilo ya mwili hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Ya fakta ya 9, kwa takriban 1. Mzee wa kilo 70 mwenye asilimia 10, anayetakiwa kufika 80, anahitaji kupanda 70. Gawa kwa 2 upate uniti 35 kwa kilo, zidisha kwa kilo 70, upate uniti 2,450. Hizo ni chupa mbili za uniti 1,000 na moja ya 500, kwa dozi ya kwanza pekee. Omba dozi za kurudia, na moja ya dharura.

Fakta ya 8 hupungua nusu baada ya takriban saa 8 hadi 12. Mzee akidungwa saa mbili asubuhi na foleni ikasogea hadi saa tisa alasiri, anatobolewa akiwa na fakta iliyopungua sana. Chupa zisichanganywe mpaka daktari wa biopsi athibitishe kwamba yuko tayari. Fakta idungwe ndani ya saa moja kabla. Kama amewahi kupewa fakta huko nyuma, mwili wake unaweza kuwa umetengeneza kingamwili zinazoiua, na kipimo chake kifanywe siku kadhaa kabla, kwani kwa mgonjwa wa namna hiyo dozi ya kawaida haitafanya kazi. Wenye himofilia A hafifu wakati mwingine hufaidika na desmopresini, inayoachilia fakta iliyohifadhiwa mwilini. Ijaribiwe mapema kwa kipimo, na mzee apunguze maji siku hiyo kwa kuwa dawa hiyo hushusha chumvi ya sodiamu katika damu.

Tuliposafiri na chupa, tulizibeba katika kikasha cha kuhifadhia baridi. Fakta hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande, kwa hiyo chini niliweka barafu, juu yake taulo lililokunjwa mara mbili, kisha vijisanduku vya dawa, na kikasha nikakipakata mapajani kwa zaidi ya kilomita 100 badala ya kukiacha kwenye buti ya matatu. Pale kondakta aliponiambia nikiweke juu ya keria nilikataa kwa upole na nikalipia kiti cha ziada.

Baada ya biopsi, mtu yeyote huweza kuona damu kidogo katika mkojo au choo kwa siku chache, na katika shahawa kwa wiki kadhaa. Mwenye himofilia ana tofauti moja: anaweza kukauka vizuri siku ya kwanza, kisha akaanza kutoka damu siku ya tatu au ya tano fakta inapokwisha. Msirudi kijijini mapema. Wengine hupewa vidonge vya asidi ya traneksamiki, vinavyolinda tone lililoganda lisiyeyuke; ila mkojo ukiwa mwekundu sana visinywewe bila kumwuliza daktari, kwa sababu damu iliyoganda inaweza kuziba njia ya mkojo. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli.

Ikiwa ugonjwa wa damu ni selimundu

Ukanda wa Ziwa una watu wengi wenye chembeuzi ya selimundu, kwa sababu ya historia ndefu ya malaria. Mwenye chembeuzi moja tu, yaani AS, kwa kawaida hupita biopsi na upasuaji kama mtu mwingine, ingawa mara nyingine hukojoa damu inayotoka figoni. Mwenye chembeuzi mbili, yaani SS, yuko katika hali nyingine. Asikae na njaa na kiu tangu usiku akisubiri zamu ya mchana. Apewe dripu, afunikwe apate joto, na oksijeni yake iangaliwe. Kabla ya upasuaji mkubwa, madaktari mara nyingi huongeza damu hadi hemoglobini ifike karibu 10, bila kupita sana hapo kwa kuwa damu nzito huziba mishipa. Aliyeongezewa damu mara nyingi huwa na kingamwili zinazofanya damu inayomfaa kuwa adimu, kwa hiyo sampuli ipelekwe maabara ya damu siku kadhaa kabla.

Tahadhari iliyo kubwa zaidi ni ya mifupa. Selimundu huacha makovu ndani ya mifupa ambayo katika picha yanaweza kufanana na saratani iliyosambaa. Msomaji wa picha asipojua kwamba mgonjwa ni SS, mzee anaweza kuhesabiwa kuwa katika hatua ya nne ilhali hayuko. Hakikisha neno selimundu limeandikwa kwenye fomu ya picha. Na kama itafika kwenye tibakemikali, sindano za kupandisha chembe nyeupe zisitolewe bila daktari wa damu, kwa sababu kwa mwenye selimundu zimewahi kuleta shambulio kali na hata kifo.

Mwenye upungufu wa chembe sahani kwa kawaida hutakiwa kufika angalau 50,000 kwa kila mikrolita kabla ya kutobolewa.

Hatua ya 6: Chagua tiba kwa kuangalia magonjwa yote mawili

Majibu ya biopsi huja na alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani. Alama 6 pamoja na PSA chini ya 10 na uvimbe mdogo huwekwa katika hatari ndogo. 7, au PSA ya 10 hadi 20, hatari ya kati. 8 hadi 10, au PSA iliyopita 20, hatari kubwa.

Kwa hatari ndogo, kufuatiliwa kwa karibu bila kukatwa ni tiba halali, na kwa mwenye himofilia ningesema ni zawadi, mradi PSA na MRI vibebe mzigo mwingi wa ufuatiliaji kuliko biopsi za kurudiarudia. Upasuaji wa kuondoa tezi unawezekana kabisa, lakini fakta huhitajika kwa wiki moja hadi mbili, si siku moja. Chupa zote ziwe mkononi kabla ya kisu. Mionzi haikati, na wengi huipenda kwa hilo, ila huweza kuchubua utumbo na kibofu na kuleta damu miezi au miaka baadaye. Uliza pia kama kutakuwa na alama za dhahabu zitakazopandikizwa ndani ya tezi kwanza, maana kuzipandikiza ni kutoboa, na kunahitaji fakta.

Tiba ya homoni inayotolewa kwa sindano ina mitego miwili. Wa kwanza ni sindano zenyewe: goserelini huwekwa chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano nene, na baadhi ya dawa za kundi hilo huingia msulini, ambako mwenye himofilia anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Omba ile ya chini ya ngozi, uliza kama fakta itangulie, kisha pabonyezwe kwa kitambaa chenye barafu. Wa pili huja polepole. Homoni ya kiume huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu. Ikizimwa, hemoglobini huweza kushuka kwa gramu moja au mbili. Mzee aliyeanza na 14 hatajali sana, bali wa selimundu aliyeanza na 8 atahema akipanda ngazi. Mifupa nayo hudhoofika, na mwenye himofilia ambaye magoti yake tayari yamekakamaa ataanguka kwa urahisi. Ndiyo maana kalisiamu, vitamini D na mazoezi ya miguu viandikwe pamoja na dawa. Anayepewa abirateroni, dawa nyingine ya saratani hii, apimwe presha mara kwa mara, kwa sababu presha ya juu na damu isiyoganda ni hatari kwa ubongo.

Hatua ya 7: Nyumbani

Mpeleke hospitali usiku huohuo akishindwa kukojoa, akikojoa mabonge ya damu, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya biopsi au tibakemikali, choo kikiwa cheusi, au miguu ikilegea ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, kwani saratani inaweza kuwa inabana uti wa mgongo. Mwenye himofilia akigonga kichwa, fakta hutangulia, kisha picha ya kichwa, hata kama anasema hajambo.

PSA iandikwe kwenye daftari kila anapopimwa, pamoja na hemoglobini, katika mistari miwili inayokwenda sambamba. Daktari akiitazama anaona kwa sekunde chache kinachopanda na kinachoshuka. La mjomba sasa limefika ukurasa wa 31. Ukurasa wa mwisho ni wa watoto wake: wana wake hawakurithi himofilia kutoka kwake, lakini binti zake wote wameibeba. Mwombeni daktari wa damu barua fupi kwa kila binti, aende nayo kliniki ya wajawazito siku atakapopata mimba.